Vazi la Mtani

Saa kumi na moja jioni Luhende alivuliwa mwili wa Sikudhani Pazi, na kwa kitambo alikaa akiitazama mikono yake mapajani kama mtu aliyekabidhiwa vitu visivyo vyake.

Wauguzi wawili walimfungua vifungo vya mgongoni, wakalikunja lile vazi la kijivu, jepesi kama chandarua, wakalirudisha sandukuni. Sikudhani alikuwa upande wa pili wa kioo kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma yake alisimama dada yake, Chausiku. Walikuwa wamekaa hapo kutwa nzima, chakula hakikupita kooni kwa yeyote kati yao.

Asubuhi Luhende aliingia akitamba. Ni mchimba visima, mwenye mabega ya mtu aliyeijua ardhi ya Kisarawe kwa sururu, na vazi lilipowashwa alicheka akasema, “Kumbe mtani wangu ana mwili mwepesi hivi.” Kisha akapewa kazi za siku kama kanuni ilivyotaka: achote ndoo moja ya maji, apande ngazi kumi, asonge ugali wa mtu mmoja, asome habari fupi na kuisimulia. Ndoo aliichota. Kwenye ngazi ya sita alikaa. Siku saba mwili wa Sikudhani ulikuwa umeandikwa, kila pigo la moyo na kila mshipa unaouma, na sasa vazi lilikuwa likiisomea mishipa ya Luhende maandishi yale, nayo ikiamini. Saa saba mchana alisimama mbele ya sufuria akitafuta neno. Aliuinua mwiko, akautazama, akashindwa kukumbuka unaitwaje. Kule nyuma ya kioo Sikudhani alilia, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mtu mwingine akipotea mle anamopotea yeye.

Korona yenyewe, ya wimbi la kumi na moja, ilimkalia Sikudhani siku nane tu ikaenda zake. Kilichobaki ndicho watu walichokiita mkia, na mkia ule sasa ulikuwa na miaka minne. Sikudhani alikuwa mpima ardhi, mtu wa kutembea na vigingi begani kutoka Pugu hadi Maneromango bila kuuliza kivuli kiko wapi. Siku hizi kutoka kitandani hadi chooni alibebwa mgongoni. Hospitali nne zilimpima damu, mapafu na moyo, zote zikamwambia hana kitu, na ya mwisho ikampa vidonge vya wasiwasi. Kituo cha Pumzi peke yake ndicho kilichokuwa na tiba ya mkia: miezi sita ya kusafishwa damu na kufundishwa upya kupumua, vitanda kumi na viwili. Na ili upate kitanda, sharti mtu mwenye afya akuvae kutwa, kisha aseme kwamba unaumwa.

Zamani walivaa ndugu. Haikufaa. Akina mama walipiga mayowe kabla vazi halijawashwa, na waume wengine walitoka wakisema hawakuhisi lolote kwa sababu nyumbani kulikuwa na ugomvi. Wataalamu wakakuna vichwa, mpaka mmoja wao akakumbuka msiba. Msibani nani huvaa nguo za marehemu, akamwigiza anavyotembea na anavyokohoa, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao usoni? Mtani. Mzaramo kama Sikudhani na Mnyamwezi kama Luhende ni watani tangu enzi za misafara: wakikutana, Mzaramo anamuuliza mjukuu wa wapagazi mzigo ameutua wapi, naye mpenda ngoma anaulizwa ngoma imekwisha lini. Huchukuliana vitu bila kuombana, na hakuna mwenye haki ya kununa. Mtani hakuonei huruma hadharani wala hakuogopi. Basi sheria ikaandikwa kwamba shahidi awe mtani wa mgonjwa. Waliufikiria moyo wa mtani, wakausahau mdomo wake.

Ukutani palikuwa na Karani, kisanduku chenye taa ya njano, kilichofundishwa kazi yake kwa kusomeshwa kumbukumbu za mahakama za miaka themanini. Kilikuwa kikisubiri kauli ya kwanza. Kauli ya kwanza ndiyo iliyokuwa ushahidi, kwa kuwa inasemekana kuanzia ya pili mtu huanza kupanga maneno.

Luhende aliinua macho. Yalikuwa mekundu, na Sikudhani alijua, kwa miaka kumi na moja waliyotaniana kwenye viwanja na mashimo ya watu, kwamba Mnyamwezi yule angekubali kufa kuliko kumlilia Mzaramo mbele yake.

“Hamna ugonjwa hapa,” alisema kwa sauti ya kukwaruza. “Ni uvivu wa Kizaramo tu.”

Sikudhani alicheka. Alicheka mpaka kifua kikambana, kwa sababu hakuwahi kupewa pole kubwa kama ile. Mtu aliyemvaa kutwa alikuwa anamwambia, kwa lugha yao, kwamba ameona yote.

“Kauli imepokelewa,” alisema Karani kwa upole. “Shahidi amekanusha ugonjwa. Mgonjwa amecheka.”

Na taa ikawa nyekundu.

*

“Nilimwambia auweke utani mfukoni mpaka atoke nje,” alisema Daktari Kisanga kesho yake, miwani yake ikiwa mezani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uchovu wa mtu aliyewaambia wengi habari mbaya. “Nilimwambia mara mbili. Akaniitikia vizuri kabisa.”

“Daktari, kila mtu anajua ule ni utani,” Chausiku alisema. “Hata nyie mnajua. Muulize hata mfagizi wenu.”

“Mfagizi wangu ni Mnyamwezi, ameniambia hivyo hivyo. Lakini aliyeandika si yeye.”

“Basi aandike mwingine. Tumtafute Mnyamwezi mwingine, wako tele.”

Daktari akatikisa kichwa. Shahidi wa pili hakuruhusiwa kabla ya mwaka kupita, ili watu wasihangaike na mashahidi mpaka wampate wa kuwafaa. Kauli iliweza kufutwa na mdomo ule ule ulioitoa, mradi shahidi avae upya mwili ule ule ndipo aseme. Hapo daktari akachukua miwani, akairudisha chini.

“Kuna nini?” Sikudhani aliuliza.

“Kuvaa mara moja, mishipa inasahau kesho yake. Kuvaa mara mbili mwili mmoja ndani ya siku thelathini, mishipa inaanza kujifunza. Waliorudia ni tisa, Bi Sikudhani. Wawili hawakuvuka. Walivuliwa vazi, ugonjwa ukabaki.”

“Ukabaki kwa muda gani?”

“Mmoja ana miaka mitatu.”

Sikudhani alitaka kuuliza jambo jingine, likamponyoka. Ndivyo mkia ulivyokuwa: unafungua mlango wa maneno, ndani hamna mtu. Alisubiri, wenzake wakasubiri naye, lile jambo halikurudi. Daktari akaendelea kwa taratibu, kama mtu anayesoma kwa niaba ya mwenzake. Dirisha la wagonjwa wapya lingefungwa Ijumaa saa sita mchana. La pili lingefunguliwa baada ya miaka miwili. Kwa kuwa mwili uliokuwa ukivaliwa ni wa Sikudhani, bila saini yake hakuna ambaye angeweza kuuvaa tena.

“Na mimi nikingoja hiyo miaka miwili?”

Daktari Kisanga hakuwa mtu wa kupaka asali. “Mwaka jana ulifika hapa kwa miguu yako, ukiwa umeshikwa mkono. Mwaka huu umeletwa. Sitaki kukuhesabia.”

Jumatano ile Chausiku alimbeba mdogo wake hadi ndani ya nyumba, akamlaza, akafunga pazia kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Chausiku ni mpishi wa shule, analisha watoto mia sita kwa siku, mwanamke wa kuinua sufuria peke yake huku wanaume wakitafuta matambara ya kushikia. Kwa miaka minne alimwogesha mdogo wake, akamlisha, akampigania kwenye foleni. Hakumwacha hata siku moja. Ila kila asubuhi, akimkalisha kitandani, alimwambia neno lile lile, “Jikaze, mdogo wangu.” Jikaze ule. Jikaze uamke, jua linakupita. Alilisema kwa mapenzi, na kila liliposemwa Sikudhani alijiona anadanganya, kana kwamba mahali fulani mwilini mwake kuna nguvu aliyoificha na dada yake anaijua.

“Utasaini,” Chausiku alisema.

“Dada, yule anachimba visima. Mwili ndiyo kazi yake.”

“Na wewe ulikuwa unafanya kazi kwa nini, kwa kivuli? Wawili kati ya tisa, Sikudhani. Saba wamevuka. Yeye ndiye aliyeharibu, mwache atengeneze.”

Sikudhani aligeukia ukutani. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Hesabu ile alikwisha kuipiga kabla ya dada yake, tangu pale pale ofisini, na alichukia jinsi alivyoipiga haraka.

*

Luhende alikuja Alhamisi mchana, amevaa kofia. Ilikuwa kofia ya Sikudhani, ile pana ya kazini, aliyomnyang'anya kiwanjani miaka saba iliyopita mbele ya mteja, kwa haki ya utani, na hajairudisha hadi leo.

“Kofia yangu hiyo,” Sikudhani alisema kutoka kitandani.

“Ungekuwa na haraka nayo ungeinuka uichukue.” Alisema hivyo, halafu akaona amesema nini, akaivua, akaishika mkononi. Chausiku alimwekea kigoda, akatoka, akasimama nyuma ya mlango mahali ambapo wote wawili waliviona vidole vya miguu yake.

Luhende alikaa bila utani mwingine. Kumwona hivyo kulimtisha Sikudhani kuliko taa nyekundu.

“Nimekuumiza,” alisema mwishowe. “Kwetu mtani akitaniwa hafi. Mimi nimekutania, nimekutia kaburini.”

“Sijafa.”

“Nilikuwa humo juzi, Mzaramo. Usiniambie.”

Sikudhani akafumba macho. Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Watu walimwambia pole, walimwambia asali na tangawizi, walimwambia shangazi yao alipona kwa maombi. Huyu alikuwa humo.

“Sasa kama ulikuwa humo,” alisema, “si ndiyo uogope?”

“Naogopa. Jana nimeshuka shimoni, mikono ikawa inatetemeka, nikasema basi, umebaki. Haukubaki. Ilikuwa hofu tu.” Akaigeuzageuza kofia. “Babu zangu walibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani kwenu. Nikishindwa kubeba Mzaramo mmoja kwa saa sita nitawaambia nini?”

“Na ukibaki kweli?”

“Ukibaki nitalala kutwa nikisikiliza ngoma kwa mbali. Nitakuwa mwenyeji wa hapa, Mzaramo kamili.”

Alikuwa anatania ili aweze kusema. Sikudhani alijua kwamba huo ndio wakati wa kukataa. Mtu mwenye utu angesema hapana, nenda kwa mkeo, nenda ukachimbe. Maneno yalikuwepo, hata mkia haukuyaficha. Aliyaona moja moja, yamepangana vizuri. Na chini yake aliiona miaka miwili ya pazia lililofungwa, na moyo unaokimbia mtu akiwa amelala, na dada yake akizeeka kwa kumbeba.

“Leta karatasi,” alisema.

Hakushawishika na maneno ya Luhende, na baadaye hakujidanganya kwamba alishawishika. Alisaini kwa sababu alitaka kupona, na hamu hiyo ilikuwa kubwa kuliko Luhende. Mkono ulimtetemeka mno, kalamu ikatoboa karatasi. Chausiku akaingia, akaushika ule mkono kwa juu, wakaandika jina pamoja kama mtoto anavyofundishwa herufi.

Luhende alipokuwa anatoka aliivaa kofia tena. “Siirudishi,” alisema.

*

Ijumaa alivaa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Kwa marudio kanuni ilitaka saa sita tu.

Safari hii hakutamba. Ndoo aliishika, akaiinua shibri moja, akaitua. Ngazi alipanda nne. Ugali haukusongwa. Alikaa sakafuni akiwa ameegemea ukuta, akipumua kwa mdomo, na Sikudhani nyuma ya kioo akawa anapumua naye. Daktari Kisanga alikuwa amewaonya: mgonjwa akitoa sauti yoyote baada ya vazi kuvuliwa, akikohoa tu kwa namna ya kuashiria, ushahidi unabatilika. Chausiku alikuwa ameshika leso yake tayari, hajui ni ya kuziba mdomo wa nani.

Saa tano na dakika arobaini walimvua. Wakamkalisha kwenye kiti. Karani akawasha taa ya njano.

Luhende alifungua mdomo, akaufunga.

Karani alikuwa anasubiri dakika moja, zaidi ya hapo kauli huandikwa haikutolewa. Sikudhani aliuona mdomo wa Luhende ukitafuta. Alijua kabisa kinachoendelea kule ndani. Neno liko pale, unaliona mgongo, unalifuata, linakata kona. Alitaka kumwita. Alizitia kucha zake kwenye mapaja. Chausiku aliziba mdomo wake mwenyewe kwa leso, mabega yakimpanda na kushuka.

Sekunde ya arobaini Luhende aliinua mkono, akamwonyesha Sikudhani kwa kidole kupitia kioo.

“Huyo,” alisema. Akameza mate. “Huyo anaumwa.”

Taa ikawa ya kijani. Karani akaisoma kauli, akataja kitanda namba tisa, Chausiku akapiga magoti pale pale akimshukuru Mungu kwa sauti. Sikudhani hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama Luhende, aliyekuwa bado amenyoosha kidole, na nyuma yake kipimo cha mapigo kilichosoma mia na thelathini na mbili.

Vazi lilikuwa sandukuni. Kipimo kile kilikuwa cha moyo wake mwenyewe.

Saa nane kilisoma mia na ishirini na nane. Jumamosi kilisoma mia na ishirini na tisa, na mkewe alikuwa ameitwa.

*

Kitanda namba tisa kilikuwa dirishani. Kila asubuhi Sikudhani alitolewa damu upande mmoja, ikasafishwa, ikarudishwa upande wa pili ikiwa ya baridi. Alifundishwa kupumua kwa tumbo kama mtoto mchanga. Wiki ya tatu alikaa mwenyewe. Wiki ya tano alikwenda hatua nne, akashika ukingo wa dirisha, akaona barabara, na furaha iliyomjia aliionea haya kabla haijamaliza kufika.

Kwa sababu Luhende alikuwa nyumbani amefungiwa pazia. Fomu aliyosaini yeye kabla ya kuvaa tena ilisema ameikubali hatari, basi Kituo hakikumdai wala hakikudaiwa naye, akatakiwa kupita njia wanayopita wagonjwa wote: aandikwe mwili siku saba, avaliwe na mtani, mtani aseme. Dirisha la pili lilikuwa mbali, lakini mgonjwa mmoja alifariki na kitanda namba nne kikawa wazi, nacho kingengoja siku kumi tu kabla ya kupewa mwingine. Wazaramo aliowahi kuwachimbia visima walikuwa wengi. Wote walisikia yaliyompata. Walileta unga, walileta kuku, walikuja kumtania mpaka akacheka. Alipofika kwenye neno la vazi, kila mmoja alikumbuka safari.

Chausiku aliingia wodini siku ya nane kati ya zile kumi, na mfuko wa machungwa.

“Nimejiandikisha,” alisema. “Kesho namvaa Luhende.”

Sikudhani akakaa. “Dada, wewe?”

“Mimi siyo Mzaramo? Kwako wewe nilikataliwa, ndugu hafai. Kwake mimi ni mtani, karatasi zote wamezikubali.” Alianza kumenya chungwa, ganda likitoka refu bila kukatika. “Niliushika mkono wako ukaandika. Nilisikia kila kitu pale mlangoni. Siwezi kula.”

“Ule ni mkia wangu, dada. Aliubeba kutoka kwangu. Unajua utavaa nini?”

“Kwani mimi ni mgeni nao? Nimekuuguza miaka minne.” Akampa kipande cha chungwa, akatabasamu ili kumtuliza. “Ni siku moja tu. Nitajikaza.”

Sikudhani alilitafuna lile chungwa bila kulisikia utamu. Aliogopa. Na katika ile hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama usoni, nacho kilikuwa kinangoja kesho ifike.

Kesho yake Sikudhani alisukumwa kwenye kiti hadi kwenye kioo. Upande ule mwingine, kwenye kitanda cha magurudumu, alilala Luhende na kofia kifuani. Hakuweza kukaa. Walisalimiana kwa macho.

Chausiku alivishwa. Aliisogelea ndoo kwa mwendo wake wa jikoni, mikono imekunjwa tayari, mwanamke wa watoto mia sita. Akaishika. Akaiinua. Alifika nayo nusu ya chumba, akasimama, akaitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Sikudhani aliiona ile sura. Aliiona akili ya dada yake ikiuagiza mwili, mwili usiitikie. Chausiku akajaribu tena, akauma meno, akajikaza. Sikudhani angeweza kumwambia. Ukijikaza ndipo unapoporomoka. Chausiku alijikaza hatua tatu, ndoo ikaanguka, maji yakaenda mpaka mlangoni, naye akaketi ndani yake.

Hakujaribu ngazi. Saa nne alilia bila sauti. Saa saba aliacha kulia kwa kuwa kulia kunachosha. Alikaa vile mpaka jioni, mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana amekaa, na mara moja tu aliinua uso kuelekea kwenye kioo, kisha akauinamisha haraka.

Walipomvua, Karani akawasha taa ya njano.

Sikudhani alishika viegemeo vya kiti. Alijua dada yake anataka kusema nini. Lilikuwa limemjaa usoni, lilikuwa tayari mdomoni, nalo halikuwa la Luhende. Likitoka lile kwanza, Karani angeliandika, na kitanda namba nne kingekwenda kwa mwingine. Chausiku akageuza kichwa kwa nguvu, akauelekea ukuta wenye kile kisanduku. Alikaza macho pale asimwone mtu. Sekunde zikapita, na kila moja Sikudhani aliihesabu.

“Luhende Kapela anaumwa,” Chausiku alisema. “Anaumwa sana.”

Taa ikawa ya kijani. Mke wa Luhende akaanza kulia. Luhende alilala na kofia yake kifuani, akasema polepole, akipumzika kila baada ya neno, kwamba Mzaramo ameona ndoo akadhani ni ngoma.

Chausiku hakucheka. Alisimama ili aje mlangoni, akapiga hatua mbili, miguu ikakataa, akajikuta sakafuni. Muuguzi akaufungua mlango wa kioo. Hapo ndipo aligeuka, akamtazama mdogo wake.

“Na mimi,” alisema, “kila asubuhi nilikuwa nakwambia ujikaze.”

Hilo halikuandikwa popote. Ilikuwa kauli ya pili au ya tatu, Karani alikuwa amekwisha kuzima taa yake.

Sikudhani alishuka kwenye kiti. Muuguzi alimwambia asubiri ashikwe, hakusubiri. Zilikuwa hatua saba mpaka pale chini, na yeye kwa siku ile alikuwa na hatua nne tu. Alizipiga zote saba, akijua kesho hatainua kichwa, akajishusha kwenye sakafu yenye maji, akakipakata kichwa cha dada yake. Moyo wa Chausiku ulikuwa unakwenda mbio, ukianza kupungua taratibu. Yeye alikuwa amevaa mara moja tu, kesho mishipa ingesahau.

“Pumzika, dada,” alimwambia. Kwa miaka minne alikuwa amelingoja neno hilo aambiwe yeye. “Usiinuke. Pumzika tu.”